Baiskeli ya Stima na Hesabu ya Milima

Bandu bandu huisha gogo, na gogo ninalolizungumzia hapa ni betri. Ndugu msomaji, huenda umesikia habari za pikipiki za umeme kule Nairobi. Dereva akiishiwa na chaji huingia kituoni, akaacha betri iliyochoka, akapewa iliyojaa, na huyoo akaenda zake. Kampuni ya Ampersand ilianza biashara hiyo Kigali, Rwanda, mwaka 2019, kisha ikaja Kenya. Sisi tunaoishi nje ya mji wa Kitale, upande wa Kiminini, kituo chetu ni soketi moja ya ukutani pale sebuleni, na betri tuliyo nayo ni moja tu.

Betri yenyewe ni ya baiskeli ya milimani ambayo Mama aliinunua kwa mtu kwa shilingi 60,000. Pesa hizo zilikuwa mkopo wa chama, na kila wiki hurudisha 1,500, mvua inyeshe jua liwake. Kaka yangu huiendesha alfajiri kupeleka maziwa kwenye hoteli za mjini, mitungi miwili ya lita 20. Mzunguko mzima ni kilomita 36. Aliyeiuza alituapia kwamba inafika 60. Mwezi wa kwanza ilikuwa ikizimika kwenye kilomita ya 31, tena mlimani! Nawaambieni, baiskeli ya stima iliyozimika ni nzito kushinda ile Black Mamba ya babu zetu. Kaka alikuwa akiisukuma jasho likimtiririka, na maziwa yakifika saa mbili, wateja wa hoteli washakunywa strungi wakaenda kazini. Wenye hoteli wawili wakatuacha.

"Hii betri ni mzee," kaka akasema. "Tununue ingine."

Bei ya nyingine ilikuwa shilingi 28,000. Mama hakujibu kitu. Aliendelea kuosha mitungi.

Hapo ndipo nilipochukua daftari. Kidato cha tatu tulikuwa tumeanza mada ya kazi, nishati na nguvu, na ubavuni mwa betri imeandikwa volti 36, ampea-saa 13. Zidisha: ni wati-saa 468. Hicho ndicho kibaba chetu. Swali ni nani anayekimaliza.

Binamu yetu wa Bungoma ana baiskeli ya namna hiyo hiyo, naye hubeba mikate. Alikuwa akitucheka kwenye simu kwamba yake inafika kilomita 52. Basi Jumamosi moja kaka akaifungua betri yetu, akaifunga kwa leso, akapanda matatu nayo hadi Bungoma. Wakaitia kwenye baiskeli ya binamu na kuzunguka nayo njia zake za kila siku, na mikate yake. Ilikwenda kilomita 49. Kwa hiyo betri haikuwa mzee. Ilikuwa imepungukiwa kidogo tu, kama sote tunavyopungukiwa. Mama aliposikia alicheka kwa mara ya kwanza mwezi ule, na habari ya shilingi 28,000 ikaishia hapo.

Kumbe mwizi yuko njiani. Tofauti ya kwanza ni milima. Mitungi miwili ni kama kilo 40, kaka ni 65, baiskeli 25, jumla 130. Kuna mteremko wa mtoni ambao lazima uupande upande wa pili, kimo chake kama mita 40. Ukizidisha 130 kwa 9.8 kwa 40 unapata jouli karibu 51,000, yaani wati-saa 14, hata kabla ya kuhesabu zile zinazopotea kuwa joto ndani ya mota. Na kilima si kimoja. Binamu naye hubeba mikate, ambayo ni mikubwa kwa macho lakini myepesi, na njia zake nyingi ni za tambarare.

Tofauti ya pili ni kaka mwenyewe (na asinikasirikie akisoma gazeti hili). Kila akiondoka alikuwa akikaza kile kipini cha kasi hadi mwisho, miguu imetulia kama ya abiria. Mota hula sana inapoanza kutoka kusimama, na muuza maziwa husimama kila mlango. Siku hizi huanza kwa miguu, gia nyepesi, kisha mota inamsaidia. Kasi nayo tuliipunguza kutoka kilomita 35 kwa saa hadi 25. Wenzangu wa fizikia watanielewa: upinzani wa hewa hupanda kwa mraba wa kasi. Gawanya 35 kwa 25, jibu lizidishe kwa lenyewe, unapata karibu 2. Yaani upepo ulikuwa ukimrudisha nyuma kwa nguvu maradufu, na yeye akidhani anawahi.

Mengine yalikuwa madogo madogo. Tairi zilikuwa laini; kiasi cha upepo kimeandikwa ubavuni mwa tairi, na hakuna aliyekuwa akisoma. Breki ya nyuma ilikuwa ikishika. Tuliliinua gurudumu na kulizungusha kwa mkono, likasimama baada ya mizunguko miwili. Fundi wa kando ya barabara aliirekebisha kwa shilingi 50. Betri nayo ilikuwa ikilala stoo ya maziwa, juu ya simiti, na nyote mnaijua baridi ya Kitale saa kumi na moja alfajiri. Betri za lithiamu hutoa kidogo zikiwa baridi. Sasa inalala sebuleni, ingawa sidhani hilo lilituongezea zaidi ya kilomita moja. Nikitaja lithiamu, nikumbushe tu kwamba mwaka 2019 Tuzo ya Nobeli ya kemia walipewa watu watatu walioiwezesha betri hii, na mmoja wao, John Goodenough, alikuwa na miaka 97. Wanaosema kemia ni ya vijana wasikie hilo.

Lakini kilomita nyingi kushinda zote alizileta Mama, ambaye hajawahi kufundishwa fizikia. Aliniangalia nikiandika zile 130 kwa 9.8, akauliza, "Na mbona apande mlima na mitungi imejaa? Si aanze na wa chini?" Tukaugeuza mzunguko. Maziwa mengi humwagwa kwanza kwenye hoteli za chini, na mlima wa mtoni unapandwa mitungi ikiwa karibu mitupu. Kazi ilikuwa kuwabembeleza wateja wa juu wakubali maziwa nusu saa baadaye. Mmoja alikataa katakata. Mama akamwendea mwenyewe, na sijui walizungumza nini, ila alirudi na oda ya lita tatu zaidi.

Daftari langu linaonyesha 31, 33, 37, 38, kisha mzunguko ulipogeuzwa, 43. Chaji moja hula nusu yuniti ya stima na ushee, hata bei ya mandazi mawili haifiki. Kwa wanaofikiria kununua, naomba jambo moja: msimruhusu fundi yeyote kufungua lile sanduku la betri ati aongeze nguvu, wala msiifunike kwa nguo ikichajiwa. Moto wa lithiamu hauna mchezo.

Likizo ya Agosti kaka alikata shauri kwenda Bungoma kwa baiskeli hiyo, kupitia Webuye, kama kilomita 80. Mama alipinga. Mimi nilipiga hesabu: Kitale iko kama mita 1,900 juu ya bahari, Bungoma kama 1,400. Kwa kilo 100, huo mteremko wa mita 500 ni wati-saa 136, zaidi ya robo ya betri, ingawa nyingine huliwa na breki. Alifika na kijiti kimoja cha chaji, miguu ikiuma kwa kuwa alikanyaga pedali kweli kweli.

Kurudi ni kinyume chake, zile 136 zinadaiwa. Nilimwambia betri haiwezi kumfikisha. Akatia chaji Kamukuywa kwenye duka moja, saa mbili nzima, akinywa chai, akalipa shilingi 50. Alifika nyumbani giza likiingia, na kesho yake alfajiri akapeleka maziwa kama kawaida. Mwenye hoteli mmoja kati ya wale wawili amerudi. Deni la chama limebaki wiki 11.