Punje kwenye Paja la Mjomba

Kijijini kwetu Namawala, miaka ya tisini, homa yoyote ilikuwa malaria, na watu walikuwa na haki. Watafiti kutoka Ifakara waliotega mbu majumbani mwetu walikadiria kuwa mtu mmoja alikuwa akiumwa na mbu wenye vimelea zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Basi mjomba alipoanguka dunguni akitokwa povu, siku za kuamia ndege wa mpunga, tukasema malaria imempanda kichwani. Akameza dawa zikaisha, akaanguka tena. Hapo kikatajwa kifafa, na majirani wakaacha hata kumnyanyua, wakiogopa mate yake. Hofu hiyo Dkt. Louise Jilek-Aall, Mnorwei aliyefungua kliniki ya kifafa Mahenge mwaka 1960, aliikuta ng'ambo ya mto, nasi bado tulikuwa nayo.

Nilimsindikiza Dar kwa treni ya TAZARA. Picha ya CT ikaonyesha uvimbe kwenye ubongo. Tukaambiwa ajiandae kupasuliwa. Mjomba akasema heri azikwe na kichwa kizima.

Daktari mwingine, mtu mzima, hakuwa na haraka. Alimpapasa mikono, akakuta vinundu chini ya ngozi, akaagiza eksirei ya paja. Aliiinua filamu dirishani: misuli imejaa alama nyeupe, nyembamba, zimelala upande mmoja kama punje za mpunga. Ni viluwiluwi vya tegu wa nguruwe, akasema, vimekufa vikageuka chokaa. Cha kichwani ndiyo kwanza kinakufa, na ubongo umevimba kukizunguka.

"Nguruwe? Mimi sijamla tangu nizaliwe!" Mjomba alikuwa mwadhini.

Daktari akamwita mzee wangu, akamtuliza. Mla nyama isiyoiva hupata mnyoo wa tumboni. Vifuko vya kichwani humpata aliyemeza mayai ya mnyoo huo, yatokayo kwenye kinyesi cha binadamu, kwa maji, mboga au mikono. Hata Wayahudi wa New York wasiogusa nguruwe waliugua hivyo. Ripoti juu yao ilitoka mwaka 1992. Nikakumbuka madungu yetu: hakuna choo hata kimoja, na masika maji hupita kila mahali.

Alipewa albendazoli, pamoja na dawa ya kutuliza uvimbe, maana mdudu akifa ubongo huwaka kwanza, na vidonge vya kifafa vya muda mrefu. Hakupasuliwa. Kuanguka kulipungua, akarudi kulima na kuadhini.

Kijijini walikubali kwamba amepona. La mayai hawakulitaka. Mpaka leo wapo wanaoshikilia kwamba safari zake za maharage Mahenge zilikuwa na kitimoto ndani yake.