Mwaka wetu wa kwanza, baina ya Sur, Ibra na Nizwa

Chukueni ramani ya Omani, wanangu, muiweke mezani. Itafuteni Sur kwanza. Ipo mashariki kabisa, pale nchi inapopiga kona na kutazama Bahari ya Hindi. Kutoka hapo pelekeni kidole bara, mpite Bidiya penye matuta ya mchanga, mpaka muikute Ibra. Halafu endeleeni magharibi kuelekea milimani, mtaiona Nizwa. Sur na Ibra zipo Sharqiya, yaani upande wa mashariki. Nizwa ipo Dakhiliya, yaani upande wa ndani.

Mimi na mume wangu tulioana Desemba 2009, na mwaka wetu wa kwanza karibu wote tuliumaliza barabarani baina ya miji hiyo mitatu. Yeye alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha gesi cha Qalhat, karibu na Sur, kwa hiyo nyumba yetu ya kupanga ilikuwa Sur. Wazee wake wako Ibra, wangu wako Nizwa. Wakati ule mwisho wa wiki Omani ulikuwa Alhamisi na Ijumaa (ulibadilishwa kuwa Ijumaa na Jumamosi mwaka 2013), basi kila Jumatano jioni tulifunga mlango, tukatia chupa ya kahawa garini, tukaondoka.

Nakuandikieni habari za mwaka ule kwa sababu wengi wenu nyumbani mna lugha mbili au tatu, na najua wakati mwingine zinagombana. Zetu ziligombana pia.

Labda utauliza Kiswahili kimefikaje Nizwa, mji wenye ngome ya karne ya 17 na mnada wa mbuzi kila Ijumaa. Kimefika kwa bahari, ingawa Nizwa haina bahari. Kwa vizazi vingi watu wa Sharqiya na Dakhiliya walipanda majahazi, wakasafiri na upepo wa kaskazi mpaka Lamu, Mombasa na Unguja, wakiwa na tende na papa mkavu. Waliofanya biashara walirudi na kusi, majahazi yamejaa boriti za mikoko, na mpaka leo ukiingia nyumba kongwe ya Sur ukatazama juu utaziona boriti hizo zimeshika dari. Wengine hawakurudi. Walilima karafuu, wakafungua maduka, wakazaa watoto waliokua wakisema Kiswahili. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964 wengi waliondoka. Na Sultani Qaboos aliposhika utawala Julai 1970 aliwaita Waomani waliokuwa nje warudi kuijenga nchi. Wakarudi kwenye miji ambayo baadhi yao walikuwa wameisikia kwa babu zao tu, wakiwa na watoto ambao Kiarabu hawakijui.

Kwetu Nizwa tulisema Kiswahili tangu chai ya asubuhi mpaka taa kuzimwa. Bibi yangu alitaka hivyo, na Kiarabu chake kilikuwa cha sokoni na cha sala. Kwa mume wangu mambo yalikuwa mengine. Mavyaa wangu, yaani mama yake, alizaliwa Unguja na kuja Omani akiwa msichana mdogo. Lakini nyumbani kwake Kiswahili kilikuwa lugha ya siri. Yeye na dada yake walikitumia kwa mambo yasiyotakiwa kufika masikioni mwa watoto: nani anaumwa, nani anadaiwa, nani anaposwa. Mnajua watoto walivyo. Walielewa kila kitu, wakanyamaza.

Kunyamaza huko kulikuwa na sababu. Mavyaa alipofika Omani watu walicheka Kiarabu chake. Baadaye mume wangu naye, skuli, aliitwa "Zinjibari", Mzanzibari, kwa namna ambayo haikuwa ya kusifu. Basi mavyaa akaamua watoto wake watasema Kiarabu safi, na Kiswahili akakifungia chumbani pamoja na dada yake.

Kwa hiyo miezi yetu ya mwanzo Sur tulisema Kiarabu. Sikuona tabu. Tulikwenda soko la samaki, yeye akisema kanadi na mimi kimoyomoyo nikisema nguru. Nikigundua neno lililo letu sote nilifurahi peke yangu: dirisha ni darisha kwao pia, na meza ni mezi. Jioni tulitembea mpaka linapowekwa Fath al-Khair, jahazi kubwa lililoundwa Sur mwaka 1951, akanieleza habari za mabaharia wa mji ule. Alijua walikofika, na alijua walileta nini. Neno "boriti" lenyewe, ambalo najua alilisikia kwa mama yake, hakulitamka.

Mwanzoni mwa Juni 2010 ikatangazwa kwamba kimbunga kinakuja. Kiliitwa Phet. Nilikuwa na mimba changa, na mume wangu hakutaka nibaki pwani. Alinipeleka Ibra, akanywa kahawa kikombe kimoja akiwa amesimama, akarudi kazini. Kimbunga kikapiga pwani ya Sharqiya. Wadi, yale mabonde makavu ambayo mwaka mzima hupitiwa na mbuzi tu, yakashuka na maji, barabara zikakatika. Simu ya mume wangu haikupatikana siku mbili.

Mavyaa alikaa kwenye mkeka, simu mapajani. Mpaka siku ile alikuwa akisema nami Kiarabu tu, kwa upole, kama unavyosema na mgeni. Usiku wa pili aliinuka ghafla akaniambia kwa Kiswahili:

"Mwanangu, twende jikoni. Tukikaa hivi tutapasuka mioyo."

Tukaroweka mchele kwa ajili ya mkate wa kumimina. Alikuwa hajaupika tangu dada yake alipofariki, kwa sababu, alisema, hakuna wa kusema naye wakati unapoumuka. Tulipofika kwenye viungo alisita, vidole hewani. "Ile ya kunukia… ile ndogo ya kijani. Tunaiitaje?"

"Hiliki, mama."

"Hiliki," akasema. Akarudia mara tatu, kama mtu aliyeokota ufunguo wake. Kisha hakunyamaza mpaka alfajiri. Nilijua usiku ule kwamba alikulia Malindi, mtaa wa Mji Mkongwe ulio karibu na bandari, na kwamba nyumba yao ilikuwa na dirisha la kutazamia majahazi, na kwamba yeye na dada yake waligombania dirisha hilo kila msimu wa kaskazi.

Mume wangu alifika siku iliyofuata alasiri, matope mpaka magotini, kwa gari ya mwenzake wa kazini. Alitukuta tunakula mkate na kucheka ovyo, kama watu waliotoka kulia, nasi ndivyo tulivyokuwa. Alisimama mlangoni akamsikiliza mama yake anavyoongea. Akauliza kwa Kiarabu, "Mnanisema mimi?"

"Kaa, ule," mama yake akamjibu kwa Kiswahili.

Akakaa, akala.

Nyumba yetu ya Sur iliingia maji, basi nilibaki Ibra mwezi mzima. Huo ndio mwezi nilioupenda kuliko yote. Kila Jumatano asubuhi Ibra kuna soko la wanawake: nguo, manukato, ubani, dawa za miti. Mavyaa alinishika mkono tukaenda, na hapo ndipo nilipojua kwamba baadhi ya wauzaji wakubwa wa umri walikuwa shoga zake wa zamani, na kwamba bei ya Kiswahili ilikuwa chini kuliko ya Kiarabu. Alininunulia doti ya kanga. "Upande mmoja wako," alisema, "upande mmoja wa huyu," akiniangalia tumboni.

Ulikuwa msimu wa tende. Sharqiya kuna aina iitwayo mabsali ambayo haingojewi iive ikalainika: huchumwa ikiwa ya manjano, ikachemshwa kwenye masufuria makubwa, ikaanikwa juani mpaka ikauka, na nyingi husafirishwa India. Watoto wote wa ukoo walikuja kusaidia, na wote walikula zaidi ya walivyofanya kazi.

Ugomvi wetu ulitokea Julai, garini, tukirudi Sur. Nilimwambia mume wangu kwamba mtoto nitasema naye Kiswahili.

"Hapana," akasema. "Mimi nilichekwa miaka sita. Mtoto wangu hachekwi."

"Na bibi yangu atamwambia nini?"

Hakujibu. Tulinyamaza mpaka tukaipita Al-Kamil, na wanaoijua njia ile wanajua huo ni unyamavu mrefu. Nawaambia ukweli, sikumwona mkosa. Wazazi mnaosoma hapa, baadhi yenu mmeamua kama alivyotaka kuamua yeye, na sababu zenu nazijua. Lakini mimi nilikuwa nimeona mwanamke mzima anatafuta neno hiliki.

Ramadhani ilianza Agosti, na jua la Agosti huko si la mchezo. Daktari alinikataza kufunga, basi kazi yangu ikawa futari. Mume wangu aliporudi kutoka kazini alikuta mihogo ya nazi, sambusa na kaimati. "Luqaimat," alisema. "Kaimati," nilisema. Akaitazama sahani kama iliyomdanganya miaka yote. Kuanzia usiku ule akawa anauliza, kidole juu ya chakula: na hiki? Na hii? Katikati ya mwezi watoto wa jirani waligonga mlango usiku, wakiimba na kugonganisha mawe na makopo kwa ajili ya karankasho, sherehe yao ya kukusanya peremende, naye akawajazia mifuko huku akinong'ona kwangu, "Peremende. Sivyo?"

Idi Ndogo tulikula Ibra. Asubuhi ya Idi huko hupikwa arsiya, mchele na nyama vilivyopondwa pamoja mpaka vikawa kitu kimoja, ndugu yake bokoboko letu la ngano. Watoto walipita wakidai mkono wa Idi kama mnavyodai nyinyi.

Idi Kubwa ilikuwa zamu ya Nizwa, na mwaka ule iliangukia wiki moja na Sikukuu ya Taifa, tarehe 18 Novemba, ya miaka 40 tangu 1970. Kwa hiyo mji ulikuwa na bendera kila nguzo, magari yamepambwa, na katikati ya fujo hiyo mbuzi. Kabla ya Idi huwa na soko kubwa liitwalo habta. Wanunuzi hukaa duara, wauzaji wakazungusha mbuzi na ng'ombe mbele yao, na anayetaka humsimamisha muuzaji, akamkagua mnyama meno na mgongo. Baba yangu na mume wangu walibishana juu ya mbuzi mmoja nusu saa nzima.

Nyama ya shuwa hupakwa siki, kitunguu saumu, pilipili, bizari, hiliki na karafuu, ikafungwa kwa majani ya mgomba, ikatiwa kwenye kifuko kilichosukwa kwa majani ya mtende. Kisha inashushwa kwenye shimo lenye makaa, shimo la mtaa mzima, likafunikwa na kuzibwa kwa udongo kusiwe na moshi unaotoka. Kila familia hutia alama kwenye kifuko chake. Inakaa humo usiku kucha au siku mbili. Mume wangu alikwenda na kaka zangu kufukua. Alirudi na kifuko chetu begani, masizi usoni, akapita moja kwa moja mpaka alipokaa bibi yangu, akapiga magoti, na mbele ya ukoo mzima akasema:

"Bibi, nyama kimeiva."

Binamu zangu wakaangua kicheko. Nilimwona mume wangu masikio yakibadilika rangi, na moyo wangu ukashuka. Nilidhani basi, hatasema tena.

Bibi akanyanyua mkono mmoja tu. Wakanyamaza.

"Imeiva," alimwambia. "Nyama imeiva. Chakula kimeiva. Kaa hapa karibu yangu unikatie, hawa wengine hawajui kukata."

Akakaa. Baada ya muda akajaribu tena: "Bibi, chai kimepoa?" "Imepoa!" Mpaka jioni ikawa mchezo, yeye akikosea na bibi akisahihisha, na mara nyingine nadhani alikosea makusudi ili amsikie bibi akipiga kelele. Njiani kurudi aliniuliza kwa nini nyama ni i- na chakula ni ki-. Sikuwa na jibu zuri. Leo ni mwalimu wenu, na bado sina zuri sana.

Tulipofika nyumbani alizima gari lakini hakushuka. "Sawa," alisema kwa Kiarabu. "Wewe Kiswahili, mimi Kiarabu. Lakini siku akichekwa, utakwenda wewe skuli kuzungumza nao."

Nimeshakwenda mara mbili. Mara moja kule, mara moja hapa ughaibuni.

Mtoto wetu alizaliwa Januari 2011, akafungwa kwenye ule upande wa kanga. Alipokaribia mwaka alianza kusema "mai", akinyoosha mkono kwenye gilasi. Mavyaa akasema, mmesikia, anataka maji. Mume wangu akasema hapana, amesema mai, na hicho ni Kiarabu cha Omani. Bibi yangu alipohadithiwa kwa simu akasema wote hamjui kitu, mtoto anamwita mama yake. Walibishana, na mtoto akawa analia, mpaka nikampa gilasi mwenyewe.