Barua kutoka Ughaibuni: Kadi ya Maktaba na Habari za Mababu wa Uluguru

Kwa wasomaji wa Morogoro Mjini na wa milima iliyo juu yake,

Mtanzania anayehamia katika mji wa Uingereza hupata kadi ya maktaba ya umma bila usumbufu mkubwa, kwa kuwa sheria ya maktaba za umma ya mwaka 1964 inazitaka mamlaka za mitaa za huko ziwaazimishe wakazi wake vitabu bila malipo, na kwa kawaida uthibitisho wa anwani hutosha kumwandikisha msomaji mpya. Wengi huichukua kwa ajili ya vitabu vya watoto, au kwa ajili ya kuketi mahali penye joto na kompyuta wakati wa baridi. Kadi hiyo, hata hivyo, ina kazi nyingine isiyotangazwa sana, nayo ni kumwingiza mwenye kadi katika hifadhidata za magazeti ya zamani, yaani makusanyo ya kurasa zilizopigwa picha, zikapangwa kwa tarehe na kuwekwa kwenye intaneti ili zitafutwe kwa neno au kwa jina.

Makusanyo hayo yana gharama. Kampuni zinazopiga picha kurasa hizo huuza haki ya kuzisoma, na maktaba hulipa kwa niaba ya wanachama wake, hata mwenye kadi, akiingiza namba iliyoandikwa juu yake, anaweza katika maktaba nyingi kusoma gazeti la The Times la London tangu matoleo ya mwaka 1785 akiwa nyumbani kwake. Hazina nyingine, kama British Newspaper Archive iliyofunguliwa mwaka 2011 kwa ushirikiano na Maktaba ya Uingereza, mara nyingi husomwa bure kwa sharti la kutumia kompyuta zilizomo ndani ya maktaba yenyewe. Wastaafu wa Kiingereza hutumia saa nyingi mbele ya kompyuta hizo wakitafuta matangazo ya ndoa na ya vifo ya babu zao. Mtu wa Morogoro anayeketi kando yao ana haki ileile ya kutafuta, ila njia yake ni tofauti kabisa na yao.

Gazeti lililo karibu zaidi na Morogoro halihitaji kadi yoyote. Deutsch-Ostafrikanische Zeitung, gazeti la walowezi wa Kijerumani lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1899 na Willy von Roy, limewekwa wazi katika hazina ya magazeti ya Maktaba ya Serikali ya Berlin, na mkazi wa mitaa ya Morogoro, awe wa Kihonda au wa Mji Mpya, mwenye simu na bando anaweza kulisoma sawasawa na profesa aliye Berlin. Vita Kuu ya Kwanza ilipoifanya pwani kuwa mahali pa hatari kwa sababu ya manowari za Waingereza, gazeti hilo lilihamishiwa Morogoro, mji ambao reli ya kati ilikuwa imeufikia mwaka 1907 tu, na uhai wake ukakoma mwaka 1916, mwaka uleule ambao majeshi ya upande wa Waingereza chini ya Jenerali Smuts yaliingia Morogoro mwishoni mwa Agosti. Inasikitisha kwamba mji uliowahi kuwa makao ya gazeti la namna hiyo una wakazi wengi ambao hawajapata kuambiwa kwamba kurasa zake zipo na kwamba zinasomeka bila malipo.

Kuzisoma si jambo jepesi. Zimechapwa kwa herufi za Kijerumani za kale, zenye kona na mikia, ambazo hata Mjerumani wa leo huzisoma kwa taabu, na kompyuta, ambayo hugeuza picha ya ukurasa kuwa maandishi kwa kukisia umbo la kila herufi, huchanganya s na f, ikazalisha maneno yasiyokuwapo. Isitoshe, Wajerumani waliandika Mrogoro kabla ya kuzoea Morogoro, wakaandika Kilossa na Daressalam, kwa hiyo anayetafuta kwa tahajia ya leo pekee hupitwa na habari nyingi. Msomaji mwenye subira huacha kutafuta kwa neno, akachagua tarehe ya tukio analolijua, kisha akapitia matoleo ya majuma kadhaa, ukurasa baada ya ukurasa.

Hata hivyo ugumu mkubwa zaidi uko kwa watu wenyewe walioandikwa. Kurasa hizo zimejaa matangazo ya maduka na meli, na habari za walowezi na mashamba yao, lakini mpagazi, kibarua wa reli na mwanamke aliyeteremsha ndizi kutoka mlimani hutajwa kwa jumla, kama nguvukazi, na mara chache sana kwa jina. Kosa hilo ni la gazeti, wala halimaanishi kwamba watu hao hawakuwa na historia. Zaidi ya hayo, hifadhidata hizi zimebuniwa kwa watu wanaorithi jina la baba kizazi baada ya kizazi, ilhali kwa Waluguru, watu wa milima ya Uluguru iliyo juu ya Morogoro, ukoo, unaoitwa lukolo, hufuata upande wa mama, na ardhi ya ukoo ilipita kwa mjomba, hivyo kaka na dada wa mama mmoja wakaandikwa mmoja kwa jina la ubatizo na mwingine kama fulani bin fulani, bila kiungo chochote ambacho mashine inaweza kukiona. Anayetafuta ndugu wa Kiluguru hana budi kuanza na mahali, cheo, misheni au tukio, kisha ndipo alifikie jina.

Tukio linalofaa kuliko yote ni lile la matuta. Mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru, ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 1950, uliwalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko ili kuzuia mmomonyoko wa udongo, kazi nzito ambayo wengi waliona inaharibu mashamba yao na kuwatia mashaka juu ya ardhi ya koo zao. Julai 1955 umati ulikusanyika Matombo, katika milima hiyo, polisi wakapiga risasi, mtu mmoja akauawa, na mpango ukaachwa. Habari za namna hiyo zilifika katika magazeti ya kikoloni, kama Tanganyika Standard lililoanza kutoka Dar es Salaam mwaka 1930, kwa sauti ya maofisa, na wataalamu Roland Young na Henry Fosbrooke waliandika kitabu kizima juu ya siasa na ardhi ya Waluguru mwaka 1960. Mtu aliyekuwa na umri wa miaka 15 siku ile amekwisha kupita miaka 80, na anayo habari ambayo hakuna gazeti lililoichapa: nani alisimama wapi, wa lukolo gani, na nani alikimbilia kijiji kipi.

Kwa upande wa Kiswahili, liko Mambo Leo, jarida la kila mwezi lililoanzishwa na Idara ya Elimu Januari 1923, ambamo walimu, makarani na wasomaji wa kawaida walituma barua, mashairi na habari za miji yao, wakatia majina yao na mahali walipokaa. Hapo ndipo babu wa mtu wa Morogoro anaweza kukutwa akisema kwa kinywa chake mwenyewe, na matoleo yake yanatafutwa kwa urahisi zaidi katika mkusanyiko wa Afrika Mashariki wa maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuliko kwa kadi yoyote ya Ulaya.

Kwa sababu hiyo ndugu walio nje wanawaomba walio Morogoro Mjini, Mgeta na Matombo wawaulize wazee sasa, na kuandika lukolo ya mama, kijiji, misheni na mwaka wa ubatizo, kazi ya kwanza ya mshahara na jina la mwajiri, pamoja na majina yote ambayo mtu mmoja aliwahi kuitwa. Walio nje, wakiwa na taarifa hizo, watapitia kurasa za miaka inayohusika, na zitakazopatikana zichapwe na kupelekwa Maktaba ya Mkoa, zikiwa na tarehe ya gazeti na jina la mzee aliyetoa maelezo.