Herode Avaa Abakosti

Kila mwaka mbele ya Noeli bamama ba kanisa banakutana hapa Kasungami siku 3 kushona nguo za mchezo. Safari hii walituita sisi wa mwaka wa sita tubafundishe kupima na kukata.

Herode alipaswa kuvaa abakosti, koti lile la wakati wa Mobutu, tai ilipokatazwa mpaka tarehe 24 Aprili 1990. Bengine walisema: hiyo ni siasa! Sisi tuliona inamfaa kabisa.

Lakini kitambaa kilikuwa kimoja tu, mita 3, cha marehemu bwana ya mama mmoja. Alikinunua, hakukishona. Mkasi ulipita mkono kwa mkono.

"Bana bangu, mukate tu," mama akasema.

Tukaanza na mgongo.