Sarafu Kuukuu na Mizani ya Haki

Sarafu ina maisha mawili. Katika maisha yake ya kwanza thamani yake imeandikwa usoni, na mtoto ajuaye kusoma hawezi kupunjwa kwayo. Serikali iliyoipiga ikiisha kuondoka, sarafu hufa sokoni. Lakini pengine hufufuka mikononi mwa wakusanyaji, na katika maisha hayo ya pili thamani yake haikuandikwa popote ila katika maarifa ya mtu anayeitazama. Hapo ndipo lilipo jaribu. Mnunuzi anajua, muuzaji hajui. Na baina yao hakuna hakimu ila dhamiri.

Jambo hili huonekana waziwazi Maisaka, katika mji wa Babati. Mji huo upo juu ya barabara kuu itokayo Arusha kwenda Dodoma, na fedha za tawala zilizopita nchini zilifika huko kwa biashara ya ng'ombe na nafaka, zikatoka kwa kodi, na zilizosalia zikafungwa katika pindo za nguo na kusahauliwa. Fundi saa mmoja wa Maisaka huzikusanya katika saa zake za mapumziko. Hakusomea kazi hii chuoni. Mali yake ni kioo cha kukuzia, mizani ndogo ya sonara, na subira aliyofundishwa na saa mbovu za watu.

Kwanza hutambua. Sarafu nyingi zinazomfikia ni za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa London mwaka 1919. Florini ya 1920 haikudumu. Ilifuatwa na shilingi ya 1921, yenye simba aliyesimama mbele ya milima. Herufi ndogo huonyesha mahali ilipopigwa sarafu: H ni kiwanda cha Heaton cha Birmingham, KN ni King's Norton, na SA ni Pretoria. Maneno ya Kilatini nayo yana habari zake. Shilingi za George VI za hadi mwaka 1946 humwita mfalme na kaisari wa India; India ilipojitawala mwaka 1947, cheo hicho kikaondoka. Shilingi za tangu 1948 zilipigwa kwa shaba na nikeli, hazina fedha hata chembe. Hata zile za zamani hazikuwa na fedha nyingi: uzito wake ni gramu 7.78, lakini robo tu ndiyo fedha safi, yaani gramu 1.94. Rupia ya Wajerumani ilikuwa na gramu 11.66, na zaidi ya sehemu tisa katika kumi zilikuwa fedha. Mizani husema haya bila kupendelea mtu.

Pili hupanga madaraja. Waingereza wana ngazi ya maneno, toka sarafu iliyolika kabisa hata ile isiyopata kupita mkononi mwa mtu. Wamarekani hutumia namba, toka 1 hata 70, kwa kanuni aliyoitunga William Sheldon mwaka 1949. Ngazi ni mbili, lakini kazi ya jicho ni moja. Fundi hutazama mahali palipoinuka, maana ndipo panapolika kwanza: nyusi za mfalme upande mmoja, manyoya ya shingo ya simba upande wa pili. Simba akiwa na manyoya yanayohesabika, sarafu ina daraja. Akiwa laini kama jiwe la mtoni, imekwisha kazi. Tena sarafu ya kale haisuguliwi. Weusi unaoifunika kwa miaka mingi si uchafu, ni ngozi yake. Majivu na mchanga huiondoa ngozi hiyo kwa dakika moja na kuacha mikwaruzo, na daraja lililopotea kwa njia hiyo halirudi.

Tatu huja bei, na katika bei elimu hupambana na uvumi. Bibi mmoja mzee alimletea fundi kifurushi cha sarafu, akitaka fedha za sare ya shule ya mjukuu wake. Alikuwa amezisugua kwa majivu usiku kucha ili zing'ae mbele ya mnunuzi. Kati ya hizo zilikuwamo senti kumi tatu za mwaka 1936, zenye tundu katikati na jina la Edward VIII. Mjukuu alikuwa amesoma katika simu kwamba sarafu ya mfalme huyo iliuzwa kwa paundi milioni moja.

Habari ile ilikuwa kweli, ila sarafu haikuwa hiyo. Edward VIII alitawala toka Januari hadi Desemba 1936, akajiuzulu kabla ya kuvikwa taji. Sarafu zenye sura yake zilikuwa zingali katika majaribio, nazo hazikupata kutolewa kwa matumizi Uingereza. Paundi moja ya dhahabu katika hizo chache ndiyo iliyouzwa mwaka 2020 kwa bei ile. Lakini senti za Afrika Mashariki zenye tundu hazikuhitaji sura ya mfalme. Jina na taji vilitosha. Kwa hiyo zilipigwa kwa mamilioni na kutumika. Mfalme aliye adimu kwao amekuwa wa kawaida huku, na senti zake kumi huuzwa ughaibuni kwa dola chache tu.

"Bibi," fundi alisema kwa heshima, "hizi ni za mfalme yule hasa, lakini si ile iliyouzwa."

"Mwanangu," bibi akajibu, "kila mnunuzi husema hivyo."

Fundi hakuwa na la kumjibu, kwa sababu neno lile lilikuwa kweli. Bibi akaanza kufunga kifurushi chake. Lakini chini kabisa palikuwa na kipande cha shaba ya manjano, chenye kingo mbaya na rangi ya matope. Hakukisugua, kwa kuwa alikiona hakistahili hata majivu. Kilikuwa heller ishirini ya Tabora ya mwaka 1916, iliyopigwa katika karakana ya reli wakati Waingereza walipowafungia Wajerumani njia ya bahari. Wajuzi hupima ukubwa wa taji lake na ncha za zile herufi mbili za L ili kujua imetoka katika muhuri upi. Bei yake hupita ile ya senti za Edward mara kadhaa.

Kunyamaza kungalikuwa rahisi. Kifurushi kizima kingaliweza kununuliwa kwa bei ya vyuma, na bibi angalishukuru. Fundi alichukua karatasi, akaandika jina la sarafu ile, mwaka wake na bei aliyoikadiria, akampa bibi aende nayo kuulizia kwingine. Baada ya wiki mbili bibi alirudi na mjukuu wake. Shilingi zilizosuguliwa ziliuzwa kwa thamani ya fedha iliyomo. Heller ilikwenda kwa mkusanyaji wa ng'ambo, na fundi akachukua sehemu moja katika kumi kama walivyopatana. Senti za Edward bibi hakuziuza. Alisema mfalme aliyekosa taji astahili walau kukaa nyumbani kwa mtu.

Watu hudhani kwamba uaminifu katika biashara hii ni kumwambia muuzaji kuwa mali yake ni duni pale ilipo duni. Hiyo ni nusu ya uaminifu, tena nusu iliyo nyepesi, kwa sababu humfaa mnunuzi. Nusu nzito ni kumwambia kuwa mali yake ni bora pale yeye mwenyewe asipojua. Asiyeweza hili la pili hasadikiki hata katika lile la kwanza, na bibi alikuwa na haki ya kutia shaka hata alipoionja nusu ya pili.

Fundi ana daftari. Humo huandika mwaka wa sarafu, herufi yake, uzito, daraja na bei, na kabla ya kulipa humsomea muuzaji kwa sauti mstari wote, hata kama yeye hajui kusoma.