ZAMU YA NESI, Sehemu ya 9: Gari lililoamini bado lina baridi

Wiki iliyopita niliandika kuhusu friji ya chanjo, na wengi mkaniuliza kile kidude kidogo kinachokaa ndani kinafanya nini. Kinaandika joto, usiku na mchana, siku 30. Chanjo zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Saa mbili asubuhi nesi anafungua friji anakuta 5, safi kabisa, kumbe saa tisa usiku umeme ulikatika ikapanda mpaka 14. Bila kile kidude hakuna anayejua.

Leo nawaletea ndugu wa kidude hicho, ila huyu anafungwa kwenye gari. Wanaume mliokuwa mnapita tu bila kusoma, haya, karibuni.

Mdogo wangu ana Subaru Impreza ya 1996, yenye tabo, ambayo zamani ilikimbizwa kwenye rally kule Morogoro. Vyuma vya kumlinda dereva bado vimo ndani. Ni familia ileile ya gari ambalo Colin McRae alishinda nalo Safari Rally mwaka 1997, na mdogo wangu atakukumbusha hilo hata kama hujamuuliza. Alilinunua likiwa limechoka, akalileta Tabora, akitaka alirudishe kwenye mashindano.

Likaanza kutoa moshi mweusi. Linanuka petroli hadi nguo unazivua nje. Plagi nyeusi kama mkaa, na ukikanyaga mafuta linakwama kama mtu aliyepaliwa. Fundi wa kwanza akasema tabo. Wa pili, mzee tunayemheshimu sana hapa mtaani, akasema pete za pistoni, ishushwe injini ifunguliwe. Hela ya kushusha injini ilikuwepo, ndiyo, lakini ilikuwa ada ya watoto wawili ya Januari, na nyingine mkopo wa kikoba ambao shemeji, mke wake, ndiye aliyeweka dhamana. Shemeji alikuja kwangu jioni, akakaa, hakunywa hata chai. Akasema, "Dada, mwambie asubiri."

Nikamuuliza mdogo wangu swali la wodini: vipimo viko wapi? Akasema gari la zamani hilo, mashine za kisasa za kupimia magari haziingii. Ni kweli. Soketi ya magari mapya haipo. Lakini gari lina kompyuta yake, mafundi wanaiita kontroboksi, iko chini ya zulia miguuni kwa abiria. Na chini ya usukani kuna soketi ya njano ya matundu tisa ambayo Subaru waliiweka kwa mashine yao wenyewe. Maana yake mgonjwa anaongea, tatizo ni lugha.

Kijana anayetengeneza simu karibu na stesheni alituungia kebo: waya mmoja wa ethi, mmoja ambao kompyuta inasikilizia, mmoja ambao inajibia, upande wa pili USB ya laptopu. Siku ya kwanza ilileta takataka tupu kwenye kioo. Shida ilikuwa kasi. Vifaa vingi vya zamani huongea kwa kasi ya 9600, Subaru za miaka iliyofuata 4800, lakini hii inaongea kwa 1953. Namba ya ajabu. Mdogo wangu akaruka, maana 1953 ndio mwaka Safari Rally ilipoanza! Ni bahati tu jamani, lakini tangu siku hiyo hakuna aliyeisahau.

Ukishapata kasi, mazungumzo yenyewe ni rahisi kuliko kumhoji babu wa wodi namba mbili. Unaitajia kompyuta anwani moja ya kumbukumbu yake, nayo inakujibu kilichomo, inarudia, inarudia, mpaka uiambie basi. Laptopu inaandika kila jibu na muda wake. Ila kasi hiyo ni ndogo, hazifiki herufi 180 kwa sekunde, kwa hiyo ukitaka kujua kila kitu utapata kila kitu kwa kuchelewa. Tukachagua vinne: mzunguko wa injini, hewa inayoingia, sensa ya oksijeni kwenye ekzosi, na joto la maji. Presha, mapigo, upumuaji, joto. Hiyo chati naijua.

Tukatoka asubuhi kuelekea Kwihara, mdogo wangu anaendesha, mimi na laptopu mapajani. Dakika ishirini barabarani, mshale wa joto kwenye dashibodi uko katikati, palepale unapotakiwa kuwa. Laptopu inasema nyuzi 21.

Nikamwambia simama.

Gari hilo lina vipimajoto viwili. Kimoja ni cha mshale, cha dereva. Kingine, chenye waya mbili, ni cha kompyuta peke yake. Kompyuta ilikuwa inaamini injini ndiyo kwanza imeamka, baridi, basi inaimwagia petroli kama mama anayemfunika mtoto mablanketi mchana wa Oktoba. Na ikiamini kuna baridi, sensa ya oksijeni haiisikilizi kabisa, hata ipige kelele namna gani. Taa ya injini haikuwaka kwa sababu nyuzi 21 ni joto la kawaida, si namba ya kichaa. Kompyuta haikuona kosa lolote.

Hapo tuliposimama ndiyo njia ya misafara ya zamani, kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Burton na Speke walifika Kazeh, yaani hapahapa kwetu, Novemba 1857. Urefu wa nchi kutoka usawa wa bahari waliupima kwa kuchemsha maji, maana ukipanda juu maji yanachemka mapema. Hapa Tabora ni kama nyuzi 96. Walipofika Ziwa Tanganyika mwaka 1858 vipimajoto vyao vizuri vilikuwa vimeharibika njiani, wakapima kwa kilichobaki. Jibu likatoka kama mita 560. Ziwa liko mita 770 na kitu. Nyuzi moja tu ya maji yanayochemka ni kama mita 300 za mlima, kwa hiyo kosa lao halikufika hata nyuzi moja, na watu wakabishana miaka kuhusu mto Nile wakitumia namba hiyo.

Tuliporudi, yule mzee fundi alikuwepo. Nikamwamkia, nikampa laptopu aone mwenyewe. Aliangalia kimya muda mrefu. Kisha akachukua mita ya umeme bila kuambiwa na mtu. Akapima kwenye sensa yenyewe, injini ikiwa moto: karibu omu 300, ndivyo inavyotakiwa. Akapima waya zilezile upande wa kompyuta: zaidi ya 2,000. "Sensa haina kosa, sista," akasema. "Njiani kuna mwizi."

Akafuata waya kwa vidole, sentimita kwa sentimita, mpaka akakuta mahali mtu wa enzi za rally alipounga kwa kusokota na kuzungushia tepu. Ndani kulikuwa na kutu ya kijani. Tungemaliza mwaka na laptopu yetu tusijue hilo, maana dataloga haikwambii injini ina joto gani, inakwambia kompyuta inaamini nini. Sisi manesi kile kibanio cha oksijeni cha kidoleni kinatufundisha hivyohivyo: mama ana rangi nzito ya kucha na vidole vya baridi, mashine inasema 84, mwenyewe anakuuliza chakula kinaletwa saa ngapi.

Alikata, akaunga kwa risasi, akafunika vizuri. Tukawasha tena. 40, 62, 78, ikatulia 86. Moshi ukakata. Gharama yote: risasi, waya kidogo, na ya mkono ya mzee, ambayo alikataa kwanza halafu akapokea.

Ada ya Januari ililipwa. Shemeji alikuja akanywa chai, vikombe viwili.

Mzee aliomba kebo "aiangalie kidogo". Iko kwake mpaka leo. Kuna Legacy mbili za zamani zimeshapita pale, na nasikia sasa kabla hajashusha injini yoyote ya Subaru anamtuma kijana dukani kwa mdogo wangu kuazima laptopu.