Dume Anayeongoza
Nilipopandishwa cheo kuwa mhariri, usingizi ukanikimbia. Mama akasema hapa kuna mkono wa mtu. Mimi nikawawaza nyani wa Amboseli, Kenya, ambao watafiti wanawafuatilia tangu 1971. Wanaokota kinyesi chao na kupima homoni. Mwaka 2011 wakaripoti kwamba dume anayeongoza kundi ana homoni za msongo nyingi kuliko anayemfuata kwa cheo. Kumbe kiti kinachoma! Kinyesi hichohicho kilionyesha pia kwamba nyani wanaochambuana manyoya wana bakteria wa tumboni wanaofanana. Yaani ukaribu unafika hadi kwenye utumbo. Nikajihesabia: tangu nipewe ofisi yangu, sijala na mtu. Jana nimerudi kwa mama lishe, benchi letu lilelile. Wenzangu wakanyamaza kidogo, halafu mmoja akasogea.